Naomba ushauri: kikombe cha unga ni gramu ngapi hasa?

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisaidie kwenye vipimo vya mapishi, maana vinanichanganya kweli.

Jana nimeoka keki kwa kufuata maelekezo neno kwa neno: vikombe 2 vya unga, kimoja cha sukari. Imetoka kavu, ukiikata inamomonyoka mkononi. Leo nikapima upya kwenye mizani. Unga niliouchota kwa kuzamisha kikombe kwenye mfuko umefika gramu 150. Niliojaza taratibu kwa kijiko kisha nikausawazisha kwa kisu, gramu 122. Na kikombe ni kilekile! Kwa vikombe 2 tofauti inakaribia gramu 60, si kidogo.

Halafu kikombe chenyewe: cha Marekani ni kama mililita 240, cha Australia 250. Hata kijiko cha chakula, Australia ni mililita 20, kwingine 15. Sasa mapishi yasiposema yametoka wapi, mnaamuaje? Na “chumvi kiasi” je, hasa kwenye unga mbichi ambao huwezi kuuonja?

Nafikiria kuachana na vikombe, nipime kila kitu kwa gramu. Mliofanya hivyo, mapishi yenu ya zamani mliyabadilishaje? Natanguliza shukrani.