Mjadala: Redio za Marekani ziwalipe waimbaji au zisiwalipe?

Wakuu, wimbo wa "Respect" (Heshima) ukipigwa leo kwenye redio ya FM pale Detroit, fedha zinakwenda upande wa mtunzi, yaani warithi wa Otis Redding na wachapishaji wake. Upande wa Aretha Franklin, mwenye sauti inayosikika, hauambulii hata senti. Ndivyo sheria ya Marekani ilivyo: redio za AM na FM humlipa mwenye utunzi, mwenye sauti hapewi kitu. Msimamo wangu ni kwamba huu ni uonevu, na ubadilishwe.

Tuanze na kazi yenyewe. Otis aliurekodi mwaka 1965, na kwake ni mwanamume anayerudi nyumbani na pesa, anataka aheshimiwe akifika. Februari 1967 Aretha akaingia studio New York akaupindua wote: sasa mwanamke ndiye anayedai. Kule kulitaja neno "respect" herufi kwa herufi hakumo kwa Otis. Kile kiitikio cha haraka haraka, "sock it to me", ni cha Aretha na dada zake Carolyn na Erma. Saksafoni ya King Curtis ikaongezwa katikati. Juni 1967 ukashika namba moja Marekani. Mwambie mtu yeyote akuimbie "Respect", uone ataimba wa nani.

Wenye redio wana hoja moja kubwa: sisi tunawatangaza bure, watu wakisikia wananunua. Siwezi kusema haina ukweli. Bila redio ya WDIA ya Memphis, iliyoanza kutangaza kwa ajili ya watu weusi mwishoni mwa miaka ya 1940 na ambako mwanamuziki B.B. King mwenyewe alikuwa mtangazaji, rhythm and blues, muziki wa Wamarekani weusi, isingefika mbali vile.

Lakini kutangazwa kunamsaidia nani ikiwa fedha za mauzo hazimfikii mwimbaji? Mtazameni mwimbaji Ruth Brown. Miaka ya 1950 santuri zake ziliibeba kampuni ya rekodi ya Atlantic mpaka ikaitwa nyumba aliyoijenga Ruth. Baadaye mama huyo akawa anafanya usafi majumbani mwa watu na kuendesha basi la shule. Mikataba ya enzi ile ilimkata msanii gharama za studio, kwa hiyo kwenye vitabu vya kampuni alionekana anadaiwa yeye! Alipigana miaka mingi, na ni mwaka 1988 tu ndipo Atlantic ilipokubali kufuta madeni ya aina hiyo na kuwalipa wakongwe wake. Wimbo ulipigwa redioni, matangazo ya biashara yakauzwa juu yake, na mwenye sauti akabaki na ufagio.

Kuna ndugu amenijibu kwamba redio ndogo za mitaani zitafungwa. Ni hofu ya kweli, ila muswada wa kuzitaka redio ziwalipe waimbaji, uliopelekwa bungeni, umeiangalia: redio yenye mapato chini ya dola milioni 1.5 kwa mwaka, isiyomilikiwa na kampuni kubwa, isingelipa zaidi ya dola 500 kwa mwaka mzima. Hiyo haifungi redio.

Na kanuni yenyewe Marekani imeshaikubali. Tangu sheria ya 1995, redio za kidijitali, zikiwemo za intaneti, zinawalipa waimbaji, na mwaka 2018 rekodi za kabla ya 1972 nazo zikaingizwa, ndimo zilimo karibu zote za enzi kuu ya soul, muziki wa akina Aretha na Otis. Sam Moore, mwimbaji wa soul wa kundi la Sam na Dave, alikwenda mpaka Congress, yaani bunge la Marekani, kuomba FM nazo zilipe. Amefariki Januari 2025, sheria iko vilevile.

Kwa hiyo anayepinga anijibu hili, bila kuzunguka: sauti ni ileile na rekodi ni ileile. Kwa nini ikipita kwenye redio ya intaneti ilipwe, ikipita kwenye mnara wa FM iwe bure?