KE70: sakafu haikauki, na injini inagoma kuwaka ikiwa moto

Pistoni_4K:
Wakuu, nina Corolla KE70, injini 4K ya cc 1290. Joto na unyevu mwaka mzima. Rangi imevimba malengelenge chini ya milango, na sakafu ya upande wa dereva iko mbichi hata zikipita siku tatu bila mvua. Pili, nikizima injini ikiwa moto, ndani ya dakika 5 inawaka vizuri. Zikifika 15 au 20 inagoma. Baada ya saa moja inawaka kama kawaida. Nianzie wapi?

MsasaMkavu:
Anza na maji, kutu baadaye. Vua kapeti lote na sponji yake, maana sponji ndiyo inayotunza maji. Mmoja amwage maji kwa mpira kwenye pembe za chini za kioo cha mbele, kisha kwenye nafasi za kuingizia hewa chini ya waipa. Mwingine alale ndani na tochi. Maji ya sakafuni yakiwa na utelezi na harufu ya kulanti (maji ya kupozea injini), hiyo si mvua, ni hita inavuja.

Milangoni, zibua kwa waya matundu ya kutolea maji yaliyo ukingo wa chini. Lengelenge la nje maana yake kutu imetokea ndani, kwa hiyo kupiga msasa juu juu ni kupoteza rangi. Palipotoboka kata, chomelea bati jipya. Palipobaki kwangua mpaka chuma king'ae, paka praima ya epoksi, ndipo fila (ile pati ya kusawazishia bati), isizidi milimita 3, na msasa wake uwe mkavu. Fila hunyonya maji. Ukitumia msasa wa maji umeyafungia chini ya rangi. Na usilaze chuma uchi: kwenye unyevu kinaanza wekundu ndani ya saa chache.

BatiJipya:
Ukimaliza pakaa lami chini yote, utasahau kutu.

MsasaMkavu:
Hapana mkuu. Lami ikikauka inapasuka, maji yanapenya nyuma yake na hayatoki. Kutu inakula huku juu pakionekana pazuri. Kwenye maboksi ya chini ya milango nyunyizia nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu, rudia kila mwaka, kisha hakikisha matundu hayajazibwa na hiyo nta.

Jeti_Kuu:
La kuwaka: injini za K zina manifoldi (mabomba ya mgawanyo) ya kuingiza na ya ekzosi upande mmoja, kabureta, inayochanganya petroli na hewa, imekaa juu ya joto. Ukizima, fani na maji vinasimama, joto linapanda, petroli iliyo kwenye bakuli la kabureta inachemka na kumwagikia kwenye manifoldi. Injini inalewa petroli, haiwaki.

Ikigoma, fungua kifuniko cha chujio la hewa, chungulia kooni mwa kabureta. Ukiona petroli inadondoka, ni hilo. Kanyaga mafuta mpaka mwisho, shikilia hapo, piga stata. Usipampu, kila pampu inaongeza petroli. Koo likiwa kavu na ukivuta waya wa mafuta halirushi petroli, bakuli limekauka au mvuke umeziba mpira wa petroli. Petroli ikiwepo sawasawa lakini plagi haitoi cheche, shuku koili, inayozalisha umeme wa cheche: nyingine hufa zikipata moto na kufufuka zikipoa.

Pistoni_4K:
Nimechungulia. Inadondoka, tone baada ya tone, na harufu kali.

Jeti_Kuu:
Basi tazama mambo matatu. Kile kipande kinene cheusi cha kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi: wengi wakifungua kabureta hurudisha gaskiti tupu. Bati la kukinga joto chini yake, mara nyingi limetupwa. Mwisho, kioo kidogo ubavuni mwa kabureta: injini ikiwa silensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta), gari likiwa tambarare, petroli isimame kwenye alama. Ikizidi, sindano ya floti (boya la ndani ya bakuli) haifungi au floti imeingia petroli. Itoe uitikise karibu na sikio.

MsasaMkavu:
Ukiwa hapo badilisha mafuta ya breki. Ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, yakinyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na silinda za magurudumu hupata kutu kutoka ndani. Kwa hali ya hewa hiyo, usivuke mwaka.