Subaru Forester ya tabo, injini imekufa: EJ205 nyingine, EJ20X au EJ255?

SampuKavu:
Wakuu, heshima kwenu. Forester yangu ya tabo (turbo, inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini) imenoki, injini inagonga. Fundi kafungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) kakuta chenga za chuma, beringi imekwisha. Nimeoneshwa injini tatu za Subaru: EJ205 kama iliyokuwemo, EJ20X iliyotoka kwenye Legacy, na EJ255. Zote za tabo, na wauzaji wote wanasema "inaingia moja kwa moja". Fundi anataka jibu kesho kutwa aanze kushusha. Nichukue ipi?

FundiNyaya:
Mkuu, umetuacha gizani. Gari ya mwaka gani? Auto au manyuo? Eksileta yake ni ya waya wa chuma au ya umeme? Injini hizo zinakuja na kontroli boksi (kompyuta ya injini) na nyaya zake, au ni chuma kitupu? Na iliyokufa ilikufa kwa nini? Usipojibu hayo, kila mtu hapa atakutajia injini anayoipenda yeye.

Boxa4:
EJ255, bila kufikiri mara mbili. 2457 cc dhidi ya 1994 cc. Kwenye mlima hiyo tofauti unaisikia kabla tabo haijaanza hata kupuliza.

MzeeWaGasketi:
Boxa4, taratibu kijana. EJ255 ina silinda pana za mm 99.5, EJ205 ni mm 92, na pistoni zake si za kuvumilia. Nimefungua kadhaa zilizovunjika ukingo wa kushikia ringi, nyingi silinda ya nne. Kontroli boksi ya lita 2.0 ukiiachia iendeshe lita 2.5 bila kupangwa upya, mafuta na moto vyote vinakuja kwa hesabu ya injini nyingine. Utafurahi wiki chache tu.

SampuKavu:
Samahani wakuu. Ni ya 2003, auto, eksileta ya waya. EJ205 na EJ255 ni chuma kitupu. EJ20X ina nyaya lakini zimekatwa karibu na soketi.

FundiNyaya:
Zimekatwa? Basi kwangu EJ20X imeshatoka. Eksileta yake ni ya umeme, kwa hiyo inadai pedeli yake, kontroli boksi yake na nyaya nzima. Gari yako ni auto, na kontroli boksi ya injini lazima ielewane na ya giaboksi. Kama ufunguo wako una kinga ya wizi, hapo napo kuna kazi.

Halafu hata kwa EJ255, hesabu meno yanayosomwa na sensa kwenye gia za taimingi, ya kranki na ya kamshafti. Subaru ilibadilisha mpangilio wa meno hayo kati ya injini za zamani na za baadaye. Sensa ikisoma meno isiyoyajua, injini itazungushwa na stata mpaka betri iishe, haiwaki. Dawa ni kuhamisha gia za injini yako ya zamani, kama zinakaa. Hiyo EJ255 ilitoka gari gani?

TabuYaTabo:
Naomba nieleze yaliyonikuta, kwa sababu naona hakuna aliyeuliza kuhusu oili.

Injini yangu nayo ilinoki. Nikanunua EJ255 safi, ikafungwa vizuri, ikawaka mara ya kwanza. Lakini fundi alirudisha tabo ya zamani, mipira ya zamani na kile kipoozea oili kinachokaa juu ya filta. Alivipuliza kwa upepo akasema viko safi. Wiki ya tatu nikasikia mluzi, kisha moshi wa bluu nyuma.

Tulipofungua bomba dogo linalopeleka oili kwenye tabo, ndani ya bolti yake yenye tundu kulikuwa na kichujio cha wavu, kidogo kuliko ukucha wangu. Wavu wote umezibwa na chenga zinazong'aa kama vumbi la shaba. Zilikuwa za injini iliyokufa, zimejificha kwenye kipoozea zikisubiri oili izisukume. Tabo ilikuwa inazunguka kavu. Nikanunua tabo, nikashusha injini tena, beringi nazo zilikuwa zimeshakwaruzwa.

Ndugu yangu SampuKavu, injini yoyote utakayochagua, kipoozea cha zamani usikirudishe. Kitupe.

MzeeWaGasketi:
Hili nalitilia mkazo. Na lile bomba la kunyonya oili ndani ya sampu likaguliwe. Kwenye EJ255 huwa linapata ufa pale lilipochomelewa, pampu inaanza kuvuta hewa.

Boxa4:
Sawa, oili nimekubali. Lakini EJ20X msiitupe hivyo. Tabo yake ina njia mbili za moshi: silinda 1 na 2 njia yake, 3 na 4 njia yake. Moto unakwenda 1-3-2-4, kwa hiyo kila njia inapokea moshi kwa zamu sawa na tabo inaamka mapema.

FundiNyaya:
Na manifodi ya moshi (mabomba yanayotoa moshi kwenye injini) ya mfumo huo inapita kwingine, inataka sampu yake. Mara nyingi na krosmemba (boriti la chini linalobeba injini) inagusana nayo. "Inaingia moja kwa moja" iko wapi?

LamiNaVumbi:
Mimi sauti tu. Ukiweka manifodi ya mabomba yenye urefu sawa, ule mngurumo wa Subaru unapotea. Mimi nilinunua gari kwa ule mngurumo.

Boxa4:
Mngurumo unatoka kwenye mabomba yasiyolingana urefu, mkuu. Moshi unafika kwa zamu mbovu. Unapenda kasoro.

LamiNaVumbi:
Naipenda hivyo hivyo. Asubuhi ikiwaka baridi, watoto wangu wanajua ni mimi ninayeondoka.

MzeeWaGasketi:
Turudi kwa mwenye gari. SampuKavu, hujasema injini yako ilikufa kwa nini. Oili iliisha, au?

SampuKavu:
Taa ya oili iliwaka, nikaendesha mpaka nyumbani. Naelekea EJ205, ila EJ255 inanivuta. Kesho naenda kuhesabu meno na kuuliza ilitoka gari gani. Nitapiga picha.

Boxa4:
Piga na za sampu.