Mashine ya kupima sumaku ya mawe inapima hewa, na duka linasema ni sawa!

Wadau wa mawe, niko Migori natafuta dhahabu na damu inanichemka. Kuna duka moja Kisumu, jina naliacha, linakodisha mashine ya mkononi ya kupima saseptibiliti ya sumaku, yaani jinsi mwamba unavyoitikia sumaku. Mwenye duka alisema, "Wewe weka kwenye jiwe, bonyeza, namba itakuja." Na kweli inakuja. Ila mchana haiji ile ya asubuhi!

Chukueni jiwe moja la raiolaiti, mwamba wa volkano. Nimelitia alama ya chaki mahali pa kuweka kichwa cha mashine. Asubuhi na baridi yake lilisoma 0.12, kwa kipimo cha 10⁻³ SI, yaani sehemu za elfu kwa mfumo wa kimataifa. Jua lilipofika utosini, pale pale kwenye chaki: 0.31. Nikainua mashine juu, mbali na jiwe, mbali na sururu za watu. 0.19! Hewa tupu, jamani, ambayo inatakiwa isome sifuri. Hiyo ni koili, ule waya uliozungushwa ndani ya kichwa cha mashine, iliyopashwa na jua. Ndiyo maana husomwa hewani kwanza, kisha kwenye jiwe, kisha hewani tena, ukatoa namba ya hewa kwenye ya jiwe. Duka lilinieleza hilo? Hata neno. Karatasi ya maelekezo haimo kwenye begi.

Nikapiga simu. Jibu: "Boss, 0.19 ni kitu kidogo."

Kidogo kwa nani? Kwenye yale mawe meusi ya mistari yenye magnetaiti, madini ya chuma yanayoshika sumaku, sawa, namba ni kubwa na kosa linamezwa. Lakini dhahabu yenyewe haishiki sumaku. Tunachosaka mara nyingi ni mahali ambapo maji ya moto ya kale yalikula magnetaiti ya mwamba, namba ikaanguka. Hizo namba ndogo ndizo kazi yenyewe! Mtu atoke jasho kuchimba shimo kwa kufuata hewa iliyopata joto?

Bado. Mashine ina swichi ya kuchagua vipimo, vya SI au vile vya zamani vya CGS, na maandishi yake yamefutika. Kati ya hivyo viwili namba hupishana mara 12.57. Aliyekodi kabla yangu sijui aliandika nini kwenye ripoti, Mungu amsaidie.

Halafu kile cheti walichobandika kwenye kasha, eti "imehakikiwa". Imehakikiwa kwa kutumia nini, ilhali hawana hata kipande cha rejea chenye thamani inayojulikana? Nilipokiomba, akaniuliza kama nataka kununua mawe.

Nataka amana yangu yote, si hiyo nusu anayoipigia hesabu. Na aliye Kisumu au Kakamega mwenye kipande cha rejea, aniazime tafadhali, nauli ya matatu ni juu yangu. Tukaipime mashine hii mbele ya mwenye duka mwenyewe, nje, juani, saa saba mchana.