Tukishinda tunapewa pointi 8, tukifungwa tunakatwa 24. Hii arena ya WoW inahesabuje?

Kijana_wa_Tandika:
Wakuu, habari za jioni. Mimi na jamaa yangu tunacheza World of Warcraft, arena ya wawili kwa wawili. Yeye ni priest, kazi yake kuponya. Mimi ni rogue, kazi yangu kunyemelea na kuchoma visu. Mwanzo wa msimu tulipanda vizuri tu. Sasa hivi tukishinda tunaokota pointi 7 au 8, tukichapwa mara moja zinaondoka 24. Jamaa anasema seva za Ulaya zinatubania. Halafu kaka yangu ananiambia zamani hakukuwa na mambo haya, ulikuwa unapanda cheo kama jeshini mpaka 14. Mwenye kuelewa anifafanulie taratibu, hesabu nilimwachia mwalimu.

MzeeWaSeva:
Mdogo wangu, hakuna anayekubania. Una namba mbili. Moja unaiona kwenye skrini. Ya pili ni MMR, na hiyo ndiyo inayokutafutia mpinzani. Imekuwepo tangu zama za Wrath of the Lich King, moja ya matoleo ya nyongeza ya mchezo huu. Ile unayoiona ikiipita MMR, mfumo unaanza kukurudisha nyuma: ushindi unalipwa kiduchu, kichapo kinakatwa kwa nguvu, mpaka zikutane. Kwa hiyo hizo 8 na 24 zinakwambia hivi: "Nilikupandisha haraka, sasa nina wasiwasi na wewe."

Sasa hilo la kaka yako. Mimi nilikuwepo. Mwaka 2005 nilikuwa nasoma Leicester, tukiishi nyumba moja na mwenzetu aliyekuwa anakitaka kile cheo cha 14. Mchezo una pande mbili zenye uadui, Horde na Alliance. Kwa Horde kiliitwa High Warlord. Upande wa Alliance walikiita Grand Marshal. Ule mfumo haukuuliza kama unajua kupigana. Wiki nzima unakusanya heshima kwa kuua watu wa upande wa pili na kushinda viwanja kama Warsong Gulch, kisha seva inawapanga watu wote wa upande wako, wa kwanza mpaka wa mwisho. Aliyekusanya kuliko wote wiki hiyo anapewa pointi za cheo 13,000. Cheo cha 14 kilianzia 60,000. Unadhani ni wiki tano? Ngoja. Kila wiki inakatwa asilimia 20 ya ulichonacho. Piga hesabu: hata ukiwa wa kwanza kila wiki bila kukosa, unafika wiki ya kumi na mbili. Ukilala wiki moja, umerudi nyuma.

Yule jamaa hakulala. Au tuseme akaunti yake haikulala, maana walikuwa wanapokezana na rafiki zake wawili: huyu anatoka darasani, yule anaingia zamu. Jumatano asubuhi, seva zikirudi baada ya matengenezo, hakuna aliyeruhusiwa kuongea naye mpaka aone namba yake. Na hapo kuna siasa. Kwa kuwa mnashindanishwa na watu wa upande wenu wenyewe, adui yako mkubwa si Alliance, ni Horde mwenzako. Wakubwa wa seva walikaa vikao kabisa: wiki hii nafasi ya kwanza ya fulani, wewe usizidi heshima kadhaa, subiri zamu yako. Asiyetii alitengwa, hapati kundi la kucheza nalo.

Classic, yaani mchezo wa zamani uliorudishwa, ilipokuja 2019 nikadhani watu wamekua. Mambo yakawa yale yale, na ujanja mpya juu. Nafasi za juu zilitegemea idadi ya waliohesabika kwenye seva, basi watu wakafungua wahusika wa pembeni, wakaua nao watu wachache ili wahesabike tu, nafasi za juu ziongezeke. Wapiga kura hewa, kwa lugha ya nyumbani. Mwaka 2023 ndipo Classic Era, seva za Classic zilizobaki na mchezo ule wa mwanzo, ikaacha kuwashindanisha watu. Sasa unawekewa kiasi cha kufikisha, ukifikisha unapanda.

Zulu_wa_Orgrimmar:
Mzee unakibeza sana, lakini kile cheo kilikuwa na uzito. High Warlord akipita mjini watu wanaacha wanachofanya wanamtazama silaha. Leo mtu ana pointi 2,100 za arena, nani anamjua?

MzeeWaSeva:
Zulu, walikuwa wanamtazama, sikatai. Ila ukimkuta peke yake nje ya mji, wengine walikuwa wanakufa haraka kuliko mkulima. Kilikuwa cheti cha kukaa macho.

Binti_Hesabu:
Niongeze kwa upande wa 8 na 24, maana mimi nimetokea kwenye chesi na mzizi ni ule ule. Arpad Elo, mwanafizikia Mmarekani mzaliwa wa Hungaria, ndiye aliyeitengeneza hesabu hii ya pointi. Shirikisho la chesi la Marekani likaanza kuitumia 1960, FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ikafuata 1970. Arena za WoW zilipoanza 2007 kila timu ilianzia 1500, na hesabu ilitokana na hiyo hiyo ya Elo.

Wazo lenyewe ni dogo. Tofauti ya pointi kati yenu inageuzwa kuwa matarajio. Mkilingana, kila mmoja anatarajiwa kushinda nusu ya mechi. Ukimzidi 200, unatarajiwa kushinda kama 76 katika 100. Ukimzidi 400, kama 91. Sasa chukua mechi yenye uzito wa 32, yaani huwezi kupata wala kukatwa zaidi ya pointi 32. Mkilingana, mshindi anapata 16. Ukimzidi 200 ukamshinda, unapata 8 tu. Akikushinda yeye, unakatwa 24. Tandika, ni namba zako hizo hizo. Kwako tofauti ni kati ya namba unayoiona na MMR, lakini mantiki ni ile ile: kwa malipo hayo inabidi mshinde mechi tatu katika kila nne ili msimame pale pale mlipo.

Kijana_wa_Tandika:
Aisee, tatu katika nne hatufikishi hata siku tukiwa tumeshiba. Asante dada. Na je, intaneti ikisuasua? Sisi tuko Dar, seva iko Ulaya. Nabonyeza, kitendo kinatokea baadaye. Mfumo hauoni hilo?

MzeeWaSeva:
Hauoni na hautaki kuona. Unajua umeshinda au umeshindwa, basi. Lakini ukicheza muda wote na ucheleweshaji huo huo, MMR yako tayari imeubeba ndani, na wapinzani unaoletewa wanaendana na wewe pamoja na intaneti yako mbovu. Kinachoumiza ni siku intaneti inapokuwa mbaya kuliko kawaida yake. Siku hiyo kacheze kitu kingine.

Na mechi ikiisha msikimbilie kutoka. Kwenye ubao wa matokeo kuna MMR ya timu yenu na ya wapinzani. Linganisheni yenu na namba mnayoiona kila siku. Ikiwa iko chini kwa mbali, mtaendelea kuokota 8 hata mkibadilisha seva.

Kijana_wa_Tandika:
Nimeangalia sasa hivi. Tunasoma 1,710, MMR 1,540. Jamaa bado anasema ni Wazungu.