Mtoto kafura mdomo baada ya kula yai

mama_kisauni: Jamani mwanangu ana miezi 11, jana nimempa yai la kuchemsha kijiko kimoja tu, hata dakika kumi hazijaisha mdomo umefura kama kaumwa na nyuki, vipele shingoni mpaka mgongoni, akatapika mara mbili. Mamamkwe asema ni joto. Saa hizi acheza kama kawaida. Nimpe tena kidogo kidogo azoee ama?

nesi_likoni: Usijaribu dada!! Hilo si joto, ni aleji. Vipele pamoja na kutapika ghafla hivyo si jambo dogo, na siku nyengine yaweza kumshika pumzi. Ukisikia kifua chapiga filimbi, sauti imekauka au kalegea, mbio hospitali, dawa yake ni sindano ya adrenalini ya paja. Piriton yatuliza mwasho tu, haifungui koo, wengi hukosea hapo.

babake_mapacha: Wangu mmoja alikuwa hivyo hivyo, yai hatumpi, kumbe katlesi za jirani wakati wa futari zachovywa kwenye yai zikikaangwa 😭 tulikimbia na tuktuk usiku, mtoto mapajani kwangu akoroma. Tangu hapo twauliza kila kitu, keki, mkate wa mayai, hata mayonezi. Alipofika miaka 5 daktari akamjaribu hukohuko hospitali, siku hizi ala.

mama_kisauni: Ya Rabi. Na chanjo ya surua je? Naskia ina yai

nesi_likoni: Mpe tu, hata wenye aleji ya yai hudungwa. Ya homa ya manjano ndio umwambie daktari kwanza.