Mwanamke akitawala, wanawake wengine hugombea au hushangilia tu?

Nanga: Wakuu, tujadili bila matusi. Kila siku tunaambiwa mwanamke akiwa rais au waziri mkuu, wenzake hupata moyo wa kuingia kwenye siasa. Mimi sioni. Thatcher alitawala Uingereza miaka 11, na katika baraza lake la mawaziri aliingiza mwanamke mmoja tu mbali na yeye, tena hakudumu. Sasa huo moyo ulimfikia nani?

Kinyonga77: Thatcher mwanaume yule, alivaa sketi tu. Mtoe kwenye hesabu.

BiShufaa: Ahaa. Mwanamke akiwa mkali anavuliwa jinsia. Wanaume wangapi wamepiga nchi zao viboko na hakuna aliyewavua suruali?

Kinyonga77: Povu la nini dada, utani huo.

BiShufaa: Utani wako una umri kuliko wewe.

MsomajiKimya: Narudi kwenye mada kabla haijatekwa. India ilibadilisha katiba 1992 au 93, theluthi ya viti vya mabaraza ya vijijini na mijini ikatengwa kwa wanawake. Mumbai wadi za kutengwa zilipatikana kwa bahati nasibu, kwa hiyo kulinganisha ni rahisi. Zile zilizotengwa 1997 zilipofunguliwa kwa wote 2002, mwanamke alikuwa na nafasi ya kushinda kama mara tano kuliko kwenye wadi ambazo hazikutengwa. Hapo suala siyo moyo. Wanawake walishajua kazi, na vyama vikaona kumbe wanashinda.

FundiMitambo: Mkuu umeruka kipande kitamu. Vijijini huko waume ndio walioendesha vikao, mpaka wana cheo chao cha mtaani, "sarpanch pati", mume wa mwenyekiti. Mama anagonga muhuri, baba anatawala.

BiShufaa: Na mheshimiwa wako wa kiume, hotuba anaandika mwenyewe? Mfadhili wake yuko wapi? Mkubwa wake chamani je? Yeye mnamwita "mwenye washauri".

FundiMitambo: Mshauri halali kitanda kimoja na mshauriwa.

Kinyonga77: 😂😂 Mada imekolea.

MsomajiKimya: Jamani, nimetaja Mumbai, mmehamia chumbani.

Mtoro_wa_Hesabu: Nyote mnaanzia katikati. Aisilandi walimchagua Vigdís Finnbogadóttir urais 1980, na 1983 wabunge wanawake wakapanda kutoka 3 hadi 9. Mtu atasema ni matunda ya Vigdís. Lakini 1975 wanawake wa nchi ile waligoma siku nzima, kazini na nyumbani, karibu wote. Na 1983 walikwenda na orodha yao wenyewe ya wagombea. Huenda rais alizaliwa na vuguvugu, siyo vuguvugu kuzaliwa na rais.

FundiMitambo: Siku hiyo nani alipika?

BiShufaa: Mikono unayo. Ungejifunza.

Nanga: Mleta mada nipo. Mtoro kanisaidia, kiongozi wa juu pekee hatoshi.

DiwaniMstaafu: Mimi nimekaa kwenye kiti cha kutengewa, na wako wenzangu waliosikiliza mume. Ila aliyenizuia kugombea jimboni hakuwa mume, alikuwa katibu wa chama: "Mama, wewe kwako si kule kwenye viti vyenu? Huku waachie wenzako." Viti vilinifundisha kazi, halafu vikageuzwa uzio. Rwanda katiba ya 2003 iliweka angalau asilimia 30, na 2008 wanawake wakapita nusu ya bunge. Lakini viti 24 kati ya 80 wanavigombea wao kwa wao. Ningependa tuulizane wangapi wamehama kutoka kule.

FundiMitambo: Mama, kwa hiyo unakiri kuna waliosikiliza waume.

BiShufaa: Katika yote aliyoandika, umeona hilo tu?

FundiMitambo: Ndilo nililouliza tangu mwanzo.

Nanga: Wewe hukuuliza kitu. Niliuliza mimi.